Mbuzi wa Pasaka Nyumbani kwa Mzee Athumani

Siku niliyokwenda kukabidhi kisu, mabuti na muhuri wa ukaguzi wa nyama, karani wa stoo alichungulia nyuma yangu na kuniuliza mstaafu mwenyewe yuko wapi. Nilimjibu kwamba ndiye mimi. Aliandika jina langu, kisha akasema, "Pole, dada," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Sikumlaumu. Watu wengi hustaafu wakiwa na mvi, nami bado nasukwa nywele mkekani na wadogo zangu. Homa ya brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, iliniingia kupitia kazi hii na kukaa katika magoti na viganja. Mkaguzi asiyeweza kukunja vidole vyake kwenye mpini wa kisu hana budi kuwapisha wengine, na madaktari waliandika hivyo kwa lugha ndefu kuliko hii.

Ninyi mnaoingia kazini sasa, mkitoka vyuoni na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, mmeniomba niandike niliyoyaona Handeni na Korogwe. Nitaandika kwa mpangilio wa miaka, na nitakaa zaidi kwenye neno moja ambalo mtalisikia kila mwaka na litakalowatoa jasho kuliko maneno yote ya kitabuni. Neno hilo ni Pasaka. Najua mlitarajia nianze na minyoo ya ini. Itakuja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Handeni, kwenye karo dogo la machinjio, yaani sakafu ya saruji ya kuchinjia, lililozungukwa na mabati. Aliyenipokea alikuwa mkaguzi mwandamizi, Bwana Mntangi, mtu mrefu, mkimya, aliyetembea na kinoo mfukoni kama wengine wanavyotembea na simu. Nilikuja na stashahada yangu, na imani kubwa kwamba nyama safi ni haki ya kila raia, na kwamba mimi nimetumwa kuitetea haki hiyo. Imani hiyo ninayo hadi leo. Asubuhi ile nilitoa kisu changu kipya na kusimama karibu na karo. Bwana Mntangi alikichukua taratibu, akakirudisha kwenye ala yake.

"Hicho ni cha baadaye," alisema. "Nenda zizini ukawatazame wakiwa hai."

"Nitazame nini, Bwana Mntangi?"

"Anayechechemea. Anayejitenga. Anayekataa maji. Ukiwakosa hao, kisu hakitakusaidia, kitakuthibitishia tu kwamba umechelewa."

Nilisimama pale zizini hadi jua lilipopanda. Vijana wa Kimasai walioleta mifugo kutoka mnadani walinitazama nikiwatazama ng'ombe wao, na mmoja akamuuliza mwenzake kama huyu dada anataka kununua au anataka kuposa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza nusu ya kwanza ya kazi yetu, ukaguzi wa kabla ya kuchinja, ambao wengi wenu mtashawishika kuuruka kwa sababu hauna damu na hauonekani kama kazi.

Nusu ya pili niliifahamu kwa uchungu. Aliletwa fahali wa harusi, mzuri kwa macho, mwenye nundu iliyojaa. Nilipopasua tezi za kifuani nilikuta chembe ngumu zinazokwaruza kisu kama mchanga. Nilizifuata kwenye mapafu, kwenye ini, hadi kwenye tezi za mapajani, na zote zilikuwa na hali ileile ya kifua kikuu. Nyama yote ilipaswa kumwagiwa mafuta ya taa na kufukiwa. Nilimweleza baba wa bibi harusi kwa ufasaha mkubwa, nikitaja kila tezi kwa jina lake, kisha nikageuka kuosha kisu changu. Mzee yule alikaa chini kwenye jiwe. Bwana Mntangi ndiye aliyekwenda kukaa naye. Alimuuliza harusi ni ya binti wa ngapi, akamsikiliza, kisha akaongozana naye kwa miguu hadi kwa mfugaji aliyemjua, na mchana waliporudi na fahali mwingine yeye ndiye aliyekuwa anaswaga.

"Kusema nyama haifai ni kazi fupi," aliniambia jioni, akinoa kisu chake. "Kukaa na mtu aliyeambiwa haifai ndiyo inayomaliza siku." Hakulirudia tena, na mimi sikulisahau.

Baadaye nilihamishiwa Magoma, wilayani Korogwe, na hapo ndipo ninapotaka mkae nami. Sehemu kubwa ya eneo langu ilikuwa kambi ya zamani ya mkonge, yaani makazi ya wafanyakazi, ambayo shamba lake limebaki na mistari michache ya mimea iliyozeeka katikati ya mahindi ya watu. Wanaoishi pale ni wajukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka bara kukata mkonge, pamoja na Wazigua waliokuwapo tangu awali. Nyumba ya Mkristo imeshikana na nyumba ya Mwislamu kwa ukuta mmoja, na moshi wa jiko moja hutokea kwenye paa la jingine.

Mchinjaji wa kambi alikuwa Mzee Athumani, Mzigua wa upande wa Handeni, mkata mkonge wa zamani, mwenye mabega yaliyokuwa bado yamepinda kwa mzigo alioutua miaka mingi iliyopita. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Bibi Paulina, mjane Mkristo, Mnyamwezi ambaye wazazi wake walikuja kama manamba. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili waliutumikia utani wao bila likizo. Nilipofika kujitambulisha, Bibi Paulina aliniambia nisimwamini jirani yake kwa sababu Wazigua wanakula hadi kamba ya mbuzi. Mzee Athumani alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba kamba hiyo ni afadhali kuliko ugali wa Mnyamwezi, maana kamba ukiitafuna sana hulainika.

Kila Pasaka Bibi Paulina alichinja mbuzi aliyemfuga mwenyewe, na kila mwaka aliyemchinja alikuwa Mzee Athumani. Ilikuwa hivyo kwa nyumba zote za Kikristo pale kambini. Mkristo anatoa mnyama, Mwislamu anamchinja kwa kisomo chake, mkaguzi anapita, nyama inapikwa, na wote wanakula kwa kuwa hakuna anayezuiwa na dini yake kuila. Ikifika Idi, Wakristo wanavuka ukuta kwenda upande wa pili. Hakuna aliyeniambia ni nani aliyeanzisha utaratibu huo. Nilipouliza waliniangalia kama mtu aliyeuliza ni nani aliyeanzisha milango.

Pasaka yangu ya kwanza pale ndipo nilipoulizwa swali. Mzee Athumani alikuwa amekwisha kuchinja na ananawa mikono, nami nimeinama juu ya ini, nikilipasua kutafuta minyoo bapa. Niliwaahidi kwamba minyoo ya ini itakuja. Mtaikuta kwenye mifereji ya nyongo, na ini la aina hiyo mtalitupa hata kama mwenye mbuzi analia.

"Binti," alisema, "nikuulize. Idi najua maana yake. Mwalimu wetu wa madrasa alituambia ni jambo linalorudi, furaha inayorudi kila mwaka. Hii Pasaka ninayowachinjia tangu ujana wangu, maana yake nini?"

"Ni sikukuu ya kufufuka kwa Yesu, mzee."

"Hiyo ni habari ya sikukuu. Mimi nimeuliza neno."

Bibi Paulina, aliyekuwa anakoleza kuni, alisema, "Mtani, wewe kula. Neno halina mafuta."

Wakacheka. Mimi sikucheka sana. Nilibatizwa, nikapewa kipaimara, nikafundishwa chuoni kutaja kila kiungo cha mnyama, na nilikuwa nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kulikagua. Niliahidi kumletea jibu.

Kulitafuta kulinichukua zaidi ya nilivyodhani. Nilianza kwa katekista wa kigango chetu, akanipeleka kwa padre mstaafu mjini Korogwe, ambaye alifurahi kupata mgeni asiyekuja kuomba barua. Kutoka kwake, na kutoka vitabu alivyonikopesha, nilikusanya haya ninayowapa kwa uangalifu, maana wataalamu wenyewe hawajakubaliana katika kila jambo.

Neno lilianza kwa Waebrania. Mzizi wake hufasiriwa na wengi kuwa ni kupita juu, kuruka bila kugusa. Ni usiku ule wa Misri ambapo nyumba zilizopakwa damu ya mwana-kondoo kwenye miimo ya milango zilipitwa na mauti. Wapo wanaosema mzizi huo unabeba pia maana ya kulinda na kuhurumia, na tena wapo wanaoutaja pamoja na neno la kuchechemea. Hilo la kuchechemea lilinifanya niketi wima, nikamkumbuka Bwana Mntangi na zizi lake. Neno lilipita kwenye Kiaramu, likaingia Kigiriki, na huko baadhi ya wahubiri wa zamani walilisikia karibu na kitenzi chao cha kuteseka, wakahubiri hivyo kwa moyo mweupe, ingawa asili yake si hiyo. Kutoka Kigiriki likaenda Kilatini, na Kilatini kikawazalia Wareno neno lao. Wakristo wa Uarabuni nao wana lao, Fisihi, ambalo huhesabiwa kuwa la ukoo huohuo. Waingereza ndio waliojitenga. Jina lao hufikiriwa kuwa limetokana na mapambazuko au na mungu wa kike wa kale, na mabishano juu yake bado yanaendelea.

Kwetu lilifikaje? Wapo wanaosema lilishushwa pwani na Wareno pamoja na ndugu yake Kwaresima, ambayo kweli ina sura ya Kireno. Wapo wanaosema wamisionari wa baadaye ndio waliolileta kutoka vitabu vyao vya ibada. Padre alinionya nisichague upande kwa sababu tu unapendeza. Nilichoona mwenyewe ni kwamba huku kwetu hata anayezungumza Kizigua au Kishambaa nyumbani, akifika kwenye siku hiyo, husema Pasaka.

Lakini lililonishika zaidi ni hili. Hapo mwanzo neno halikuwa jina la siku peke yake. Lilikuwa pia jina la mnyama. Watu walichinja Pasaka, walichoma Pasaka, walikula Pasaka. Maagizo ya usiku ule yanasomeka kama kanuni za ofisi yetu. Mnyama awe mzima, asiye na kilema, wa mwaka mmoja. Atengwe na kutunzwa siku kadhaa kabla ya kuchinjwa, na siku hizo sijui mnaziitaje ninyi, mimi naziita ukaguzi wa kabla ya kuchinja. Asiliwe mbichi. Kisibaki chochote hadi asubuhi, agizo la busara kwa watu wasio na jokofu. Tena yaliruhusu kondoo au mbuzi, kwa hiyo mbuzi wa Bibi Paulina hakuwa kaimu wa kondoo. Na ndani ya maagizo hayo mna jambo dogo ambalo sikuwahi kusikia likihubiriwa. Nyumba ikiwa na watu wachache kuliko nyama, basi washirikiane mnyama mmoja na jirani aliye karibu kabisa na nyumba yao.

Nilimpelekea Mzee Athumani jibu. Alisikiliza akiwa ameweka mkono sikioni. Nilipofika kwa Firauni alinisimamisha.

"Firauni yupi? Wa Nabii Musa?"

"Huyohuyo, mzee."

"Kumbe ni siku ya Musa kuokolewa." Aliondoa mkono sikioni. "Siku hiyo sisi tunaifunga. Ashura. Kwa hiyo mimi nimekuwa nachinja kitu ninachokijua."

"Sasa umejua," Bibi Paulina alisema. "Mwaka ujao uchinje vizuri zaidi. Huyu wa juzi alikuwa mgumu."

"Alikuwa mgumu kwa kulishwa na Mnyamwezi."

Miaka ikaenda. Sitawachosha na chanjo, minada na mikutano. Nakuja kwenye Pasaka yangu ya mwisho nikiwa na muhuri, ambayo ilianguka ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Mwaka huo alikuwa amerudi Gabrieli, mjukuu wa Bibi Paulina, aliyekuwa fundi ujenzi mjini. Naomba msimwone vibaya. Alirudi ameacha pombe, alimwezekea bibi yake paa jipya, alimchotea maji bila kuambiwa. Alikuwa amejiunga na kikundi cha maombi, na kiongozi wao aliwafundisha kwamba sikukuu ya mtu huandaliwa kwa mikono yake. Siku ya Ijumaa Kuu nilipita kuandikisha nyumba zitakazochinja, nikawakuta wanazungumza mlangoni.

"Bibi, Mzee Athumani amefunga," Gabrieli alikuwa anasema. "Hata akichinja, hali. Tunamwita kwa kazi gani? Nitachinja mwenyewe Jumapili asubuhi, tukitoka ibadani tunakula chakula chetu mchana kama watu wengine."

"Jua likizama atakula."

"Kwa hiyo Pasaka isubiri jua lizame?"

"Mimi nimeisubiri Kwaresima nzima. Saa chache hizo zitaniua?"

"Bibi, hii ni sikukuu yetu. Lazima ipitie mikononi mwa mtu mwingine?"

Bibi Paulina aliweka chini ungo wa mchele. "Babu yako alipokufa, mikono yako ilikuwa wapi?"

 Gabrieli alikuwa mjini siku hizo, na hakupata nauli kwa wakati.

"Kaburi lilichimbwa na Athumani na wanawe. Akalipima kwa kulala ndani yake mwenyewe, akaniambia, mtani, huyu mumeo mrefu ananipa kazi. Nikacheka siku ya msiba wangu. Sasa unataka nimpikie harufu tu, nyama asiweze kuigusa? Nikifa mimi atanichimbia kwa moyo gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Mbuzi akichinjwa na Gabrieli, nyumba ya Mzee Athumani isingekula kwake, si mchana wala jioni, na ukuta ule mmoja ungekuwa mpaka kwa mara ya kwanza. Gabrieli aliingia ndani akiwa ameinamisha kichwa, lakini hakusema kwamba amebadili nia. Bibi Paulina akanigeukia mimi.

"Wewe una muhuri, mwanangu. Mwambie hutampigia."

Nawaambieni kweli, nilitamani. Ningeweza kutaja kanuni moja au nyingine, na kijana angetii. Lakini muhuri ule nilipewa kwa ajili ya afya ya walaji, na siku nitakapoutumia kusema nani achinje na nani asichinje, utakuwa kitu kingine chenye wino uleule.

"Bibi," nilimwambia, "muhuri wangu unasoma ini na mapafu. Gabrieli akichinja mbuzi mzima nitampigia."

"Basi umesoma bure," alisema, akaokota ungo wake. Nilikaa naye kidogo tukichambua mchele, kwa sababu Bwana Mntangi alinifundisha kutoondoka haraka.

Jumamosi mchana nilirudi kufanya ukaguzi wa kabla ya kuchinja. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpapai, dume jeusi lenye miguu mizima, linacheua vizuri, macho maangavu. Gabrieli alikuwa ameketi kwenye kigoda ananoa kisu. Bibi Paulina alikuwa mlangoni, na nadhani sasa kwamba alikuwa anasubiri.

Mzee Athumani aliingia uani bila hodi. Alipita katikati yetu, akaenda hadi kwenye mpapai, akaanza kufungua kamba.

"Mtani," alisema bila kugeuka, "nakuibia."

"Mwizi mkubwa wewe," Bibi Paulina alijibu. "Usisahau na kamba, mnapenda kuitafuna."

Gabrieli alisimama. "Mzee, shikamoo. Samahani, huyo ni mbuzi wa Pasaka."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo maana namchukua. Mbuzi wa siku nyingine simtaki."

"Lakini mzee..."

"Una kinyongo na mtani wa bibi yako?"

Hilo ni swali lisilo na jibu jepesi huku kwetu. Mtani akichukua kitu mbele ya macho yako humkasirikii, na ukimkasirikia umejitia aibu wewe na ukoo wako. Gabrieli aliishia kumtazama bibi yake. Bibi Paulina alikuwa anacheka hadi amejishika kwenye mwimo wa mlango.

"Kisu chako kizuri hicho," Mzee Athumani alimwambia akimpita. "Kinoe vizuri. Kesho utakatia vitunguu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, isiyo ya utani, "Nawaalika kufuturu kwangu Jumapili. Wewe na bibi yako. Na daktari wetu wa nyama."

Akaondoka na mbuzi, hatua chache tu, hadi upande wa pili wa ukuta. Tukamsikia mbuzi akilia pale kana kwamba amesafirishwa mbali.

Gabrieli alinifuata njiani nilipokuwa naelekea nyumba inayofuata. Alikuwa hajatulia. "Dada, wewe umesoma. Haya ni sawa? Sikukuu ya Bwana tukaalikwe sisi?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwa siku kama ile, na kwa bahati njema magoti yaliniuma, nikalazimika kukaa kwenye kisiki na kusema maneno machache. Nilimweleza kwamba neno lenyewe hapo mwanzo lilikuwa jina la mnyama aliyeliwa, kwamba watu wa kwanza walimla jua likiwa limekwisha kuzama, na kwamba waliagizwa washirikiane na jirani aliye karibu kabisa na nyumba yao.

"Limeandikwa hivyo?"

"Usinitegemee mimi. Soma mwenyewe. Ni kwenye maagizo ya usiku ule wa Misri, mwanzoni kabisa."

"Jirani wa imani moja lakini."

"Kule walikuwa wa imani moja, ndiyo. Sitakudanganya kwamba imeandikwa Athumani. Mimi nimekuonyesha tu kwamba waliotupa neno hili walikuwa wanapima nyama kwa kuangalia na nyumba ya pili."

 Gabrieli aliniinua kwenye kisiki kwa mkono, akarudi nyumbani.

Jumapili, baada ya swala ya alasiri, Mzee Athumani alimchinja mbuzi yule uani kwake. Alimlaza taratibu akielekea kibla, kisu amekificha nyuma ya kanzu hadi dakika ya mwisho, kwa maana hakupenda mnyama aone kisu, jambo ambalo vitabu vyetu pia vinalisisitiza kwa maneno mengi zaidi. Akasoma jina la Mungu, akakata mara moja. Nilikagua kichwa, mapafu, moyo, wengu. Ini lilikuwa safi, halina mnyoo hata mmoja. Nilipiga muhuri kwenye mapaja na mabega, na vidole vyangu vilikataa kuachia mpini, ikabidi mke wa mzee anisaidie kuvikunjua kimoja kimoja. Nilijua hapo kwamba ni mara ya mwisho.

Masufuria yalitoka kwa Bibi Paulina, kuni zilitoka kwa Mzee Athumani, na jiko likawekwa pale ukuta unapoishia, ili pasiwe na wa kusema limewekwa kwa nani. Jua lilianza kushuka. Bibi Paulina alikuwa ameketi mkekani akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Kila mlango wa upande wa pili ulipolia, aligeuza kichwa. Gabrieli alikuwa ameondoka tangu ibada ya asubuhi, na hakuna aliyejua alikokwenda.

"Amekasirika," alisema.

"Amekwenda kununua kufuli," Mzee Athumani alisema, "ili nisimwibie na kuku."

Bibi Paulina hakucheka mara hii. Mzee naye aliona kwamba hakucheka, akasogeza sahani yake tupu karibu na ya mtani wake.

Adhana ilisikika kutoka msikitini. Watu walinyoosha mikono kuchukua maji, na wakati huohuo tukasikia hodi. Alikuwa Gabrieli, shati lake la ibada limelowa jasho na vumbi la barabara ya kutoka Korogwe. Alikuwa amekwenda hadi Manundu, kule mjini, na mkononi alishika mfuko wa tende.

"Shikamoo, mzee. Nilisikia ndizo mnazoanza nazo."

Mzee Athumani alipokea mfuko kwa mikono miwili. Alitoa tende moja, akasema kisomo chake, akafuturu kwa hiyo, ya Gabrieli, kabla hajagusa ile iliyokuwa tayari kwenye kisahani chake. Kisha akajisogeza mkekani kumpisha nafasi kati yake na Bibi Paulina.

"Karibu, mjukuu wangu," alisema. "Pasaka imeiva."

Tulikula hadi mifupa, na hakikubaki kitu cha asubuhi.

Mwezi huohuo niliandika barua yangu ya kustaafu, na sasa kisu na muhuri viko kwenu. Nimesikia kwamba tangu hapo mbuzi wa Bibi Paulina huibwa kila Jumamosi Kuu, na kwamba Gabrieli ndiye anayemshikia Mzee Athumani miguu ya mbuzi, kwa kuwa mikono ya mzee inaanza kutetemeka. Nami nimekwisha kualikwa mwaka huu, kwa mara ya kwanza bila koti jeupe, na nimeagizwa nije na tende.

Mmoja wenu ndiye atakayetumwa pale. Atawakuta watu wa nyumba mbili wakimzunguka mbuzi mmoja, na fomu yake itakuwa na nafasi ya kujaza jina la mwenye mnyama. Aiache kwanza hiyo nafasi. Amtazame mbuzi akiwa hai, amtazame anavyotembea. Akague ini, mapafu na tezi zote, apige muhuri wake panapoonekana, kisha akikaribishwa akae. Ila asiulize mbuzi ni wa nani.